Karatasi Huisha, Sumaku Hubaki

Mkenya anayempenda Jim Reeves au Don Williams huijua sauti hiyo hata kama hajui inatoka kwenye chombo gani: noti inayoteleza taratibu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kulia. Ni gitaa la stili. Hulazwa, mpigaji akaketi mbele yake, akateleza juu ya nyuzi kwa kipande cha chuma huku miguu ikikanyaga pedali zinazokaza na kulegeza nyuzi. Gitaa lenyewe hudumu. Kinachochoka ni spika iliyomo ndani ya amplifaya, na kwa kuwa amplifaya zinazopendwa zaidi na wapigaji wa stili zilitengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980, imezuka biashara ndogo, yenye ukaidi wake, ya kung'oa spika za zamani na kuweka nyingine.

Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Ndani ya spika kuna vitu visivyozeeka pamoja. Sumaku na fremu ya chuma vinaweza kupita miaka sabini. Karatasi hukauka na kupasuka ukingoni, gundi huachia, na kile kitambaa kinachoishika koili katikati hulegea, koili ikashuka na kuanza kukwaruza pembeni mwa sumaku. Mpiga gitaa la roki huweza kuivumilia sauti iliyochafuka kidogo, tena wengine huitafuta kwa makusudi. Mpiga stili hana nafasi hiyo. Noti yake ni ndefu, hufifia polepole, na katika kufifia huko mkwaruzo mdogo kabisa husikika. Ndiyo maana soko lake tangu zamani lilidai spika kubwa, nyingi za inchi 15, zenye koili pana na uwezo wa wati nyingi kuliko zinazohitajika.

Iliyoweka kipimo ni D130 ya JBL. James B. Lansing aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1940 ikiwa na koili ya upana wa inchi 4, iliyosukwa kwa utepe wa alumini uliosimamishwa kwa ubavu. Mwenyewe alifariki mwaka 1949, hakuona lolote la biashara iliyofuata. Baadaye likaja toleo la D130F, herufi ya mwisho ikimaanisha Fender, kampuni ya gitaa na amplifaya iliyoliagiza. Leo JBL iko chini ya Harman, na Harman ilinunuliwa na Samsung mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 8. Kijana wa Dar es Salaam anaijua nembo hiyo kwenye kispika cha Bluetooth, mara nyingi cha bandia. Karatasi halisi za D130 zimekuwa adimu, na pengo hilo limezibwa na watengenezaji wadogo wa vifaa vya kuvalisha spika upya, yaani kuiwekea karatasi na koili mpya. Ubora wa vifaa vyao hutofautiana sana.

Hapa hadithi inapita Kolwezi. Sumaku za spika za enzi hizo zilikuwa za alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Katika aina iliyotumika sana, karibu robo ya uzito ni kobalti. Mwaka 1978 karibu nusu ya kobalti ya dunia ilitoka Zaire, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Shaba, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Mwezi Mei mwaka huo waasi waliotokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi, askari wa Ufaransa na Ubelgiji wakapelekwa, wataalamu wa kigeni wa migodi wakahamishwa. Hofu ya wanunuzi ilitosha. Bei iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili ilifika dola 25 mwaka uliofuata. Watengenezaji wa spika walihamia sumaku za feraiti, ambazo ni nzito zaidi lakini rahisi, na JBL ikaweka mfululizo wake wa E mahali pa ule wa K. Mnunuzi wa leo anayelipa ziada kwa ajili ya neno "alniko" analipia, pamoja na mambo mengine, uhaba ulioanzia Shaba. Kama sikio lake linaisikia kweli tofauti hiyo ni suala jingine. Mimi nina shaka.

Aliyelielewa soko hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Hartley Peavey wa Meridian, Mississippi, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1965. Amplifaya yake ya Session 400 ya miaka ya 1970 iliwafuata wapiga stili moja kwa moja, na za mwanzo ziliweza kuagizwa zikiwa na spika ya JBL. Kisha akatengeneza yake, Black Widow. Ubora wake wa kibiashara uko upande wa nyuma wa spika: fremu, karatasi na koili ni kipande kimoja kinachofunguliwa kwa bolti kutoka kwenye sumaku. Karatasi ikifa, mwenye spika hununua kipande hicho, anafunga bolti, na jioni anapiga muziki. Hakuna gundi, hakuna kusubiri siku nzima ikauke, hakuna vipande vya plastiki vya kuiweka koili katikati. Kazi ya fundi ikageuzwa kuwa bidhaa ya dukani. Ndiyo sababu amplifaya yake ya Nashville 400, iliyofuata katika miaka ya 1980, bado inafanya kazi mikononi mwa wazee wengi. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba unategemea kiwanda kiendelee kutoa kipande hicho, na hakuna kiwanda kinachotoa vipuri milele.

Kwa asiyetaka kuvalisha upya, njia ni spika mpya. Eminence ya mji wa Eminence, Kentucky, iliyoanzishwa mwaka 1966, hutengeneza spika za stili za inchi 12 na 15. Jensen za Chicago zimefufuliwa Italia na kampuni ya SICA. Kwa kawaida spika ya stili ya inchi 15 hupatikana kwa chini ya dola 300. Kinachowavuta wateja wengi ni uzito: Nashville 400 hukaribia kilo 30, na wapigaji wake wengi wamevuka umri wa kubeba mzigo huo ngazini. Sumaku ya neodimi hupunguza kilo kadhaa. Lakini soko la neodimi limeshikwa na China, na China ilipobana mauzo ya nje mwaka 2010, bei ilipaa mwaka uliofuata. Afrika Mashariki nayo ina neodimi ardhini: mlima Ngualla, mkoani Songwe.

Kosa linalogharimu zaidi ni la omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Amplifaya ya Peavey ya transista inataka spika ya omu 4; ukiiwekea ya omu 8 haitaungua, ila nguvu itapungua na utamlaumu muuza spika bure. Fender Twin Reverb ya valvu hubeba spika mbili za inchi 12, kila moja omu 8, zikiunganishwa sambamba kupata 4. Huko, ukikosea omu, transfoma haisamehe kirahisi.

Fundi akishamaliza, mwombe spika ya zamani akurudishie, hata kama karatasi imegeuka unga. Andika mwaka na modeli ya amplifaya ilikotoka, ihifadhi pakavu. Siku ukiuza amplifaya hiyo, mnunuzi wa Nashville atauliza spika ya awali kabla hajauliza bei.