Demani Imeingia: Je, Tumewashukuru Waliotulisha Wakati wa Kusi?

Huku kwetu pwani ya kusini hatuna majira ya machipuo wanayoyasifu watu wa nchi za baridi, lakini tuna demani. Kusi likishalegea, kuanzia Agosti hivi hadi vuli iingie, bahari hutulia, na wavuvi wa Msambweni, Gazi, Shimoni na Vanga, ambao kwa miezi walikuwa wakishona nyavu na kuyatazama mawimbi yakipasukia mwambani, huvuka tena kwenda maji makuu. Miembe huchanua. Upepo wa jioni huwa mwanana hata mtu akatamani kukaa barazani bila shughuli. Ni msimu wa faraja, na faraja ina tabia ya kumsahaulisha mwanadamu.

Wengi wetu twaijua aya ya 21 ya Surat Ar-Rum kwa kuisikia katika khutba za nikahi: kwamba Mwenyezi Mungu ametuumbia wenza kutokana na nafsi zetu ili tupate utulivu kwao, akatia baina yetu mapenzi na huruma. Khatibu huishia hapo, watu wakaelekea kwenye pilau. Laiti tungeendelea kusoma! Katika sura hiyo hiyo, aya ya 46, Mola anazitaja pepo azipelekazo kuwa bishara, ili tuionje rehema yake, na majahazi yaende kwa amri yake, na tuitafute fadhila yake, na huenda tukashukuru. Ndoa na pepo zimo katika mlolongo mmoja wa ishara zake. Mtu wa Vanga au Wasini hahitaji tafsiri ndefu hapo.

Sasa tuyatazame yaliyopita majumbani upepo ulipokuwa mkali. Kuanzia masika, hoteli nyingi za Diani hupungukiwa na wageni na vijana wetu hurudishwa nyumbani. Kisha kusi likawafungia wavuvi wenye vyombo vidogo. Hata hivyo moshi wa jikoni haukukatika. Aliyeuwasha ni nani? Mara nyingi ni mke. Kule Kibuyuni wanawake huingia majini maji yakipwa wakati wa bamvua, wakafunga mbegu za mwani kambani, wakavuna na kuanika, migongo ikiwauma. Penginepo ni kushona makuti, au kuamka usiku wa manane kusukuma mahamri na kuyauza mlangoni kwa mbaazi za nazi. Fedha hizo zikanunua unga, zikalipa ada ya madrasa, na mara nyingine zikanunua hata nyuzi za kushonea wavu wa mume.

Sheria yetu katika jambo hili haina utata. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, nafaqa ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni ya mke. Mume asipoitoa, nafaqa hubaki deni juu yake mpaka ailipe au asamehewe. Bi Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud (R.A.), alipotaka kujua kama yamfaa kumpa sadaka mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume (S.A.W.) alijibu kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Liangalieni jina aliloipa fedha ile. Hakuiita mchango wa lazima. Tena mafakihi wetu wa Kishafi wameandika kwamba kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisheria juu ya mke. Tukilitaja hili darsani baadhi ya waume hukohoa. Ada ya pwani ni nyingine, nasi hatukuja kuivunja. Lakini kitu asichodaiwa mtu naye akakitoa ni hidaya, na hidaya haipokewi kimya.

Wapo wasemao kwamba kumsifu mke ni kumharibu, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu lini Muislamu akamwendea mgema kumuuliza namna ya kukaa na mkewe? Mtume (S.A.W.) siku moja aliwaomba kitoweo watu wa nyumbani kwake, wakamwambia hakuna ila siki. Akaitaka iletwe, akala huku akiisifu kuwa kitoweo chema. Siki! Nasi huletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka tukauliza mbona ndimu haba. Na Bi Khadija (R.A.) alipokuwa amekwisha kufariki, Mtume alikuwa akichinja huwapelekea vipande vya nyama marafiki wa marehemu, hata Bi Aisha (R.A.) akaona wivu.

Huyo huyo Mtume alishindana mbio na Bi Aisha. Sisi hata kutembea pamoja ufuoni Diani baada ya Alasiri twaona haya, kana kwamba mchanga ule umeumbwa kwa ajili ya wageni. Upande wa Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, kuna mibuyu yenye kivuli kizuri, wala hakitozwi senti.

Mama zetu nao wasidhani wameachwa. Ile hadithi ya mke ambaye hufanyiwa wema zama zote, kisha akiona kasoro moja husema hajapata kuona jema kwa mumewe, ni sahihi, nasi hatuifichi. Tunalolalamikia ni kusomwa kwake kwa sikio moja tu. Mume arudiye alfajiri na samaki wawili baada ya usiku wa baridi baharini anastahiki kuombewa dua kabla ya kuulizwa fedha ya sukari.

Walitujia mke na mume, ambao wametupa idhini ya kuyasimulia haya bila majina. Walitaka kuachana. Tulikaa nao kuanzia Alasiri hadi karibu na Magharibi, tukitarajia kusikia habari ya mke wa pili au ya madeni. Mke akasema, "Sheikh, miezi minne nimemlisha, wala sikumtangaza kwa jirani. Demani ilipoingia akapata samaki, akauza, akaninunulia leso. Akaitupa kitandani akatoka. Hakusema neno."

Mume alistaajabu kwa dhati. Kwake yeye leso ndiyo iliyokuwa neno lenyewe. Tukamuuliza jina la leso ile. Hakulijua, alichagua rangi. Mkewe alikuwa amelisoma, nalo lilikuwa la kumsuta mtu mwenye makuu, naye akaamini kwamba ndiyo shukrani yake ya miezi minne.

Tulimwomba mume ayataje mbele yetu yale aliyotendewa wakati wa kusi. Alianza kwa shida. Akataja unga, akataja ada ya madrasa. Alipofika kwenye bangili ambazo mkewe aliziuza kwa ajili ya dawa ya mtoto, sauti ikamkatika. Mke akajifunika uso kwa mtandio. Adhana ya Magharibi iliposikika, mume alikuwa bado hajamaliza kuhesabu, na talaka haikutajwa tena. Tumesikia kwamba ile leso mke ameigawa kwa wifi yake. Hilo nalo likifika kwetu tutalisuluhisha, inshallah.