Aplikesheni ya masomo: Bajeti ianzie mkononi mwa mwanafunzi

Mwishoni mwa mwaka 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji takribani 170 vya Mkoa wa Tanga walianza kupewa vishikwambi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Ndani ya vifaa hivyo kulikuwa na programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, kazi ya timu tano zilizofika fainali ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Watoto walipimwa mwanzoni, wakaachiwa vishikwambi kwa miezi 15, kisha wakapimwa tena. Mei 2019, timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa kuwa washindi na kugawana dola 10 milioni za Marekani.

Yeyote anayepanga leo kutengeneza aplikesheni ya masomo ana mengi ya kujifunza Tanga, hasa kwenye upande wa fedha. Kila timu iliyofika fainali ilipata dola 1 milioni, lakini programu zenyewe zilikuwa sehemu moja tu ya gharama. Vishikwambi vilitolewa na Google. Vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Unesco, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania zilihusika kulifikisha zoezi lile hadi kwa mtoto. Ukiondoa kituo cha kuchajia, programu bora kuliko zote ingezimika ndani ya siku mbili.

Somo ninalolichukua pale ni kwamba bajeti ya aplikesheni ya masomo inapaswa kuanzia mkononi mwa mwanafunzi na kurudi nyuma hadi kwa fundi. Sisi huwa tunaanza kinyume. Shule, taasisi au kikundi cha vijana wenye wazo zuri hutafuta msanidi programu na swali la kwanza huwa: “Aplikesheni ni shilingi ngapi?” Fundi hutaja bei, fedha zinatafutwa, kazi inaanza. Miezi sita baadaye aplikesheni imekamilika, uzinduzi umefanyika kwa mbwembwe, na wanafunzi hawaitumii.

Simu ipi, bando la nani?

Kabla ya kuulizia bei, mpangaji anatakiwa ajue mwanafunzi anatumia simu ya aina gani, ni yake au ya mzazi, anaishika saa ngapi, na bando analipa nani. Majibu haya hayapatikani ofisini. Yanahitaji nauli, siku kadhaa za kuzunguka shuleni na majumbani, na karatasi ya kuandikia. Gharama hiyo ni ndogo, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote zitakazotumika baadaye.

Tuchukue somo moja la dakika 10. Likirekodiwa kwa video ya kawaida, ile inayotumia kilobiti 500 kwa sekunde, mwanafunzi atakula karibu MB 38 za bando lake kulitazama. Somo hilohilo likiwa la sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde, pamoja na picha chache nyepesi na maandishi, sauti itachukua MB 2.4 tu. Masomo 60 ya muhula mmoja kwa video ni zaidi ya GB 2. Kwa sauti hayafiki MB 150. Tofauti hiyo inaanza kuuma kwenye salio la mzazi, inaendelea kwenye nafasi ya kuhifadhia katika simu iliyojaa picha za harusi na nyimbo, kisha inaishia kwenye ankara ya seva ambayo taasisi italipa kila mwezi. Uamuzi wa video au sauti unagusa mifuko mitatu kwa wakati mmoja, na mara nyingi unafanywa na mtu ambaye hajaulizwa kuhusu hata mmoja.

Waliotutangulia katika kazi hii walilielewa jambo hili mapema. Eneza Education ya Kenya ilijenga huduma yake juu ya ujumbe mfupi na USSD, hivyo mwanafunzi mwenye kitochi naye akajibu maswali na kupata matokeo. Shule Direct ya Tanzania, iliyoasisiwa na Faraja Nyalandu, iliweka masomo ya sekondari mtandaoni, lakini pia ikawa na Makini SMS kwa wasio na simu janja. Ubongo ya Dar es Salaam ilikipeleka kipindi cha Ubongo Kids kwenye televisheni kuanzia 2014, kwa kuwa huko ndiko watoto walikokuwa. Wote hao waliiacha hali ya mwanafunzi iwachagulie teknolojia.

Gharama ya somo moja

Kosa la pili la bajeti nyingi ni kuyachukulia masomo yenyewe kama kitu ambacho kipo tayari. Utakuta fungu kubwa la usanidi, halafu mstari mmoja mwishoni umeandikwa “maudhui”, na kiasi chake hakitoshi hata posho ya walimu.

Fuatilia somo moja la Hisabati, tuseme la sehemu, linavyozaliwa. Mwalimu anaandika muswada na mifano yake. Mwalimu wa pili anaupitia, maana kosa dogo la hesabu likiingia kwenye simu elfu moja si rahisi kulifuta kwenye vichwa elfu moja. Mchoraji anachora chungwa lililokatwa vipande vinne. Msomaji anaingia studio kurekodi sauti, na fundi anasafisha kelele za bodaboda. Mtu mwingine anaingiza maswali kumi kwenye mfumo, kila jibu lisilo sahihi likiwa na maelezo yake, ili mwanafunzi aliyejibu kwamba nusu kujumlisha robo ni mbili ya sita aonyeshwe alipoteleza. Mwisho, somo linajaribiwa na wanafunzi halisi na kurekebishwa.

Tuweke bei za mfano: mwandishi Sh80,000, mhakiki Sh40,000, mchoraji Sh80,000, sauti na studio Sh60,000, kuingiza maswali na kujaribu Sh40,000. Hiyo ni Sh300,000 kwa somo moja. Masomo 60 ni Sh18 milioni. Hapo ni Hisabati peke yake, darasa moja, muhula mmoja. Anayeahidi masomo yote kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kwa mkupuo mmoja hajakaa chini akapiga hesabu hii.

Sh60 milioni kwa miaka miwili

Tuseme kikundi kimepata Sh60 milioni. Ningeshauri zigawanywe hivi. Utafiti kwa wanafunzi na majaribio ya mwanzo, Sh6 milioni. Maudhui ya masomo 60, Sh18 milioni. Usanidi wa programu, Sh16 milioni, yaani wasanidi wawili kwa miezi minne, kila mmoja Sh2 milioni kwa mwezi. Seva, ujumbe mfupi na ada za mifumo, Sh4 milioni. Mafunzo kwa walimu na mtu wa kupokea simu za watumiaji, Sh4 milioni. Matengenezo ya mwaka wa pili, Sh6 milioni. Akiba ya dharura, Sh6 milioni.

Namba hizi zitabadilika kulingana na mahali na aina ya kazi, ila uwiano wake una sababu. Usanidi umechukua kama robo ya fedha. Akiba ni asilimia 10, kwa kuwa kuna gharama zinazolipwa kwa dola, na dola haiulizi bajeti yako ilipitishwa lini. Akaunti ya msanidi kwenye Google Play hulipiwa dola 25 mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa wanafunzi wetu, ambao wengi wana simu za Android, hakuna sababu ya kutengeneza matoleo mawili kabla la kwanza halijapata watumiaji. Na anayetarajia kuuza masomo ndani ya aplikesheni aweke kwenye hesabu kamisheni ya maduka hayo, ambayo kwa mzalishaji mdogo ni asilimia 15 ya mauzo.

Kuna pia fedha ambazo hazina haja ya kutumika. Programu za timu tano zilizojaribiwa Tanga zilitolewa wazi kwa mtu yeyote kuzitumia na kuzirekebisha, zikiwa na Kiswahili ndani yake. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, upo tangu 2002 na haudai ada ya leseni. Kolibri hutumika shuleni bila intaneti: kompyuta moja inabeba masomo na wanafunzi wanaunganisha vifaa vyao papo hapo. Kikundi kinachoanza kujenga upya ukurasa wa kujisajili, mfumo wa maswali na daftari la alama kinalipa mara ya pili kwa kazi ambayo wengine wameshaimaliza na kuitoa bure. Afadhali fedha hizo ziende kwa mwalimu anayejua kufundisha sehemu.

Mkataba, sheria na mtaala

Malipo kwa fundi yafuate awamu zinazoonekana. Awamu ya kwanza iwe michoro ya kurasa iliyojaribiwa na wanafunzi, ya pili masomo matano yanayofanya kazi kwenye simu ya bei nafuu, ya tatu masomo yote, ya nne miezi mitatu ya kurekebisha kasoro baada ya kuingia sokoni. Kila awamu ilipwe ikishapokelewa kwa maandishi. Na mkataba utamke bayana kwamba msimbo wa programu, jina la kikoa na akaunti ya Play Store ni mali ya taasisi, vimesajiliwa kwa barua pepe ya taasisi. Taasisi inayoacha vitu hivyo kwenye barua pepe binafsi ya fundi hujikuta haiwezi hata kusahihisha neno lililokosewa siku fundi huyo akipata kazi kwingine.

Sheria nayo ina gharama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Jina la mtoto, shule yake, alama zake na namba ya simu ya mzazi ni taarifa zinazolindwa. Njia nafuu ya kuzitii sheria hizi ni kutokusanya kisichohitajika. Kama somo linaweza kuendelea bila tarehe ya kuzaliwa, usiiulize.

Kisha kuna mtaala. Tanzania ilianza kutekeleza mtaala mpya kwa awamu Januari 2024, na Kenya imekuwa ikiuacha mfumo wa 8-4-4 na kuingia kwenye mtaala wa umilisi ulioanza darasa kwa darasa mwaka 2019. Masomo yaliyoandaliwa kwa mtaala wa zamani yalihitaji kupitiwa upya, mengine kuandikwa upya. Wenye fungu la matengenezo waliweza kuifanya kazi hiyo. Wasio nalo walibaki na aplikesheni inayofundisha mada ambazo mtihani hauziulizi tena. Ni busara kukaa mapema na Taasisi ya Elimu Tanzania, au taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, ili kujua mabadiliko yanayokuja kabla ya kurekodi sauti ya kwanza.

Mwaka wa pili nani atalipa?

Hapa ndipo miradi mingi hukata roho. Mfadhili hupenda kulipia uzinduzi, kwa kuwa una picha na hotuba. Seva inayodai malipo Machi ya mwaka unaofuata haina picha. Simu mpya zinatoka, Android inabadilika, na programu isiyoguswa kwa muda mrefu huanza kugoma kwenye baadhi ya simu. Kwa hiyo chanzo cha fedha za mwaka wa pili kijulikane kabla ya kazi kuanza: ada ndogo ya wazazi kwa M-Pesa au mitandao mingine, mchango wa shule kwa kila mwanafunzi, halmashauri, au mfadhili aliyeandika ahadi yake.

Iwapo chanzo hicho hakipo, kazi ipunguzwe. Masomo 30 yanayodumu miaka miwili yanamfaa mtoto kuliko masomo 60 yanayopotea baada ya mwaka mmoja. Mwanafunzi aliyeanza kuizoea aplikesheni, akaitegemea kwa mtihani wake, kisha akaikuta haifunguki, amepoteza muda ambao hautamrudia.

Ombi langu kwa wafadhili, bodi za shule na halmashauri ni moja: msipitishe bajeti ya aplikesheni ya masomo ambayo haina mstari wa utafiti kwa wanafunzi, mstari wa maudhui ulio sawa na wa usanidi au kuuzidi, na mstari wa mwaka wa pili. Na kwa vijana wenye wazo: mstari mmoja ukikosekana, rudisheni andiko mezani mlirekebishe kabla ya kwenda kwa fundi. Watoto wetu wana vipaji vya kutosha, na walimu wenye uwezo wa kuandaa masomo mazuri wapo. Kinachobaki ni sisi kupanga fedha kwa namna inayowakutanisha, na kuendelea kuwakutanisha hata baada ya sherehe ya uzinduzi.