Fedha Mezani: Neno Moja, Mambo Mawili

Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kifaransa hakosi kukwama kwenye neno argent. Je, ni madini au ni pesa? Kiswahili nacho hakimwokoi, kwani fedha (wenzetu wa Lubumbashi husema feza) ni yote mawili. Makala haya yanaeleza kwa nini utata huo una faida.

Katika Ufaransa ya zamani, kijiko cha fedha kilikuwa akiba iliyolazwa mezani. Mwaka 1689 Mfalme Louis XIV aliamuru samani na vyombo vya fedha vya kasri la Versailles viyeyushwe, vigeuzwe sarafu za kulipia vita. Mwaka 1709 zamu ikawafikia wakuu wa nchi. Waliotoa sahani zao wakaanza kulia kwenye vyombo vya udongo.

Mfano mzuri wa darasani ni riwaya ya Victor Hugo, Les Misérables, ya mwaka 1862. Askofu Myriel huwapa maskini karibu mapato yake yote, lakini amebakiza seti sita za vyombo vya kulia, upawa mmoja na vinara viwili alivyorithi. Hula kwa vyombo hivyo kila siku, na anakiri kuwa kuviacha kungemwia vigumu. Kwake ni kumbukumbu ya ukoo na anasa ndogo ya mwisho. Jean Valjean, aliyetoka kifungoni baada ya miaka 19, anaona kitu kingine kabisa: faranga 200, maradufu ya yote aliyoyachuma gerezani. Basi anaviiba.

Asubuhi askofu anasema vyombo vile vilikuwa vya maskini tangu hapo, kwa hiyo sasa watatumia vya mbao. Valjean anapoletwa na askari, anamwongezea na vinara, kisha anamwambia kwamba ameinunua roho yake. Hapo ndipo madini na pesa vinapokutana, na ndipo mfasiri anapoweza kuharibu kila kitu kwa neno moja.

Kwa maoni yangu, tuandike "vyombo vya fedha" tangu mwanzo hadi mwisho. Kuongeza "madini ya" ni kuipeleka meza ya askofu mgodini. Kuandika "vyombo vya thamani", kama wanafunzi wengine wafanyavyo, ni kuificha ile sarafu ambayo Valjean aliiona mara moja.