Kwa Nini Vizuizi vya Nafaka Viliondolewa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kwetu delta ya Rufiji na Kibiti mpunga ndio chakula na ndio fedha. Leo mkulima wa Mbwera au Salale akivuna, hupakia magunia yake katika mashua akauze atakako. Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kosa. Nitajaribu kueleza kwa kifupi asili ya sheria ile na sababu za kufutwa kwake.

Kuanzia mwaka 1973 mahindi, mpunga na ngano ya biashara vilipaswa kununuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, lililojulikana zaidi kwa herufi NMC, kwa bei iliyopangwa na Serikali. Nia ilikuwa njema: mkulima wa mbali asinyonywe, na mfanyakazi wa mjini apate chakula kwa bei nafuu wakati nchi inajenga viwanda. Ili nafaka isipite njia nyingine, mtu hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 bila kibali. Hebu fanyeni hesabu: kilo 30 hazifiki hata theluthi ya gunia la kilo 100. Mzazi aliyetaka kumpelekea mwanawe Dar es Salaam gunia moja la mpunga wa shamba lake mwenyewe alihitaji karatasi.

Sababu za kufutwa ni tatu. Kwanza, bei ya nguo na sabuni ilipanda, lakini bei ya mazao ikabaki nyuma. Mkulima aliyekesha katika dungu akifukuza nguruwe na ndege hakukubali kuuza kwa hasara. Aliuza kwa siri, au alilima cha kula tu. Pili, NMC yenyewe ilielemewa na madeni, na fedha za kigeni za kununulia chakula nje ziliadimika, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Tatu, sheria haikushika. Wahenga walisema, penye udhia penyeza rupia. Mwaka 1983 walanguzi wengi walikamatwa, lakini uhaba haukwisha.

Basi mwaka 1984 kipimo kiliongezwa hadi kilo 500, yaani magunia matano, na mwaka 1987 kikaondolewa kabisa.

Uingereza nayo ilipitia jambo linalofanana na hili. Sheria ya 1815 ilizuia nafaka ya nje ili kuwalinda wenye mashamba makubwa, na wafanyakazi wa viwandani wakala mkate wa ghali. Viazi vya Ireland vilipoharibiwa na ugonjwa mwaka 1845, njaa ikaingia, na mwaka 1846 Waziri Mkuu Robert Peel akapitisha sheria ya kuviondoa vizuizi hivyo. Kule mzigo ulikuwa wa mlaji. Kwetu ulikuwa wa mkulima.

Je, mkulima wetu sasa amepona? Bado. Njia iko wazi, lakini mwenye deni huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha hununua chakula kwa bei kubwa miezi michache baadaye. Mchuuzi naye hushindilia lumbesa akalipa gunia moja. Kwa hiyo, wazazi na wanafunzi wenzangu, kazi iliyobaki ni yetu: tuwe na ghala la pamoja na mizani ya haki katika kila kijiji.