Nani Amwambie Mkubwa?

Kabla daktari hajaanza kumshona mgonjwa, muuguzi huhesabu gozi zilizotumika na kuzilinganisha na hesabu aliyoandika mwanzoni. Tuseme moja haionekani. Daktari mwenyewe ni mtu mzima, aliwahi kumfundisha muuguzi huyo chuoni, na asubuhi hiyo aliamkiwa shikamoo na chumba kizima. Sindano ameshaishika. Muuguzi atasemaje? Mara nyingi hivi: "Samahani daktari, sijui kama nimehesabu sawasawa, labda tuangalie tena."

Jambo moja tu ndilo lilihitaji kusemwa hapo, kwamba huenda gozi imebaki tumboni, na ndilo ambalo halikusemwa. Badala yake muuguzi ametangaza udhaifu wake mwenyewe.

Si kwamba hajui kuzungumza. Amezungumza vizuri mno, kwa kipimo cha alikolelewa. Kwetu mgeni husema "jua hilo linazama," na mwenyeji anajua anaagwa. Mzigo wa kuelewa unabebwa na msikilizaji, na msikilizaji aliyetulia huubeba bila shida. Lakini daktari aliyesimama tangu alasiri, usiku umeingia na damu inatoka, hana nafasi ya kupima "labda" ya mtu mwingine ina uzito gani.

Wataalamu wa mawasiliano wamelichunguza jambo hili zaidi kwenye usafiri wa anga kuliko kwingine kokote. Ute Fischer na Judith Orasanu waliwauliza marubani wa Marekani wangesema nini hatari ikitokea angani. Manahodha wa ndege walielekea kutoa amri, na marubani wasaidizi walielekea kudokeza. Wamarekani hao, ambao tumezoea kuwasifu kwa kusema waziwazi!

Hapo ndipo ninapotofautiana na semina nyingi. Kwenye semina hutajwa Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM wa nchi nyingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1980. Alipima jinsi watu wanavyokubali tofauti ya madaraka baina ya mkubwa na mdogo. Afrika Mashariki, ambako alizijumuisha pamoja Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia, ilipata alama 64, na Uholanzi 38. Mwendesha semina huonyesha namba hizo kisha hutuambia tuache woga. Mimi namba zenyewe nazichukua kwa tahadhari, maana karani wa IBM si mvuvi wa Kilwa. Lakini tuzikubali kwa leo, halafu twende Tenerife.

Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa kisiwa hicho cha Uhispania, nahodha wa ndege ya KLM alianza kuruka wakati ndege ya Pan Am ingali kwenye njia ileile. Nahodha huyo alikuwa mkuu wa mafunzo wa shirika lake, na sura yake ilitumika kwenye matangazo. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake alisikia kwenye redio jambo lililomtia shaka, akauliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena. Walikufa watu 583. Wote waliokuwa kwenye chumba kile cha marubani walikuwa Waholanzi, wa alama 38.

Kwa hiyo kumwambia mdogo awe jasiri hakutoshi, na kuulaumu utamaduni wetu peke yake ni uvivu. Kinachomsaidia mdogo ni ruhusa inayojulikana na kila mtu kabla jambo halijaharibika, na ruhusa ya namna hiyo sisi tunaijua vizuri. Tuna utani. Mngoni humwambia Mhehe msibani maneno ambayo mtoto wa marehemu hathubutu kuyatamka. Mtani huweza kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Hakuna anayemwona mkosefu wa adabu, kwa sababu anayezungumza pale ni nafasi yake.

Hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 na 2008. Orodha ina vipengele 19, vinavyosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Kimojawapo kinataka kila aliyemo ataje jina lake na kazi yake. Kingine kinamtaka muuguzi atamke kama hesabu ya gozi na vifaa imetimia. Hapo samahani haina kazi tena, kwa kuwa ameulizwa. Katika hospitali hizo nane kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mwaka 2014 ikatoka taarifa kutoka Ontario, Kanada. Huko hospitali zilitakiwa kuitumia orodha hiyohiyo, karibu zote zikaripoti kwamba zinaitumia, lakini vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Chanzo bado kinabishaniwa. Ninavyoona mimi, alama ya vema kwenye karatasi haithibitishi kwamba kuna aliyefungua mdomo.

Maofisini ni vivyo hivyo. Mkuu wa idara anayeuliza "kuna mwenye swali?" huku anafunga faili hataulizwa kitu, kisha atalalamika kwamba vijana hawana mawazo. Mkuu mmoja ninayemfahamu alibadilisha utaratibu. Kila mpango mpya ukiletwa kikaoni, mtu mmoja hupewa kazi ya kuutafutia kasoro, kwa zamu, na akikaa kimya anahesabiwa hajafanya kazi. Vikao vya mwanzo vilizaa kasoro za tahajia na tarehe tu, na mkuu akazipokea bila kununa. Baadaye mhasibu mdogo kuliko wote alisimama, akasema "kwa kuwa leo ni zamu yangu," na kuonyesha kwamba fedha za mafuta ya magari zingekwisha miezi mitatu kabla mwaka wa fedha haujaisha.