Saraka za Mtandao na Njia za Kuharakisha Utambuzi wa Watumiaji

Chuo au ofisi kubwa yenye kompyuta nyingi haina budi kuwa na daftari moja la watumiaji wake, ili kila mtu atambuliwe popote aingiapo. Daftari hilo huitwa saraka, na kompyuta inayolitunza na kujibu maswali juu yake huitwa seva. Kanuni ya kuuliza itumikayo mno ni LDAP, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na kutangazwa mwaka 1993 iwe njia nyepesi ya kuzifikia saraka za mfumo wa X.500 wa mwaka 1988. Seva hii ikizorota, watu wote husimama mlangoni.

Kwa kawaida utambuzi una hatua mbili. Kwanza, hutafutwa ingizo la mtu kwa jina lake la kuingilia. Pili, hupimwa neno la siri alilolitoa. Yafaa tuzitenganishe, maana ukawiaji wa hatua ya kwanza ni kasoro, bali ukawiaji wa hatua ya pili ni kinga.

Tuanze na kutafuta. Kamusi hupangwa kwa herufi za mwanzo. Atafutaye neno "bahari" hulipata upesi. Lakini mtunzi wa mashairi atakaye maneno yote yenye kina cha "ri" hana budi kuzisoma kurasa zote, isipokuwa awe na kitabu cha pili kilichopangwa kwa silabi za mwisho. Kitabu hicho cha pili ni mfano wa faharasa. Saraka isiyo na faharasa ya majina ya kuingilia hupitia maingizo yote kwa kila abishaye hodi: watu wakiwa 40,000, husomwa maingizo 40,000. Yenye faharasa hulifikia ingizo kwa hatua chache. Hata hivyo, kila badiliko la ingizo huenda likadai faharasa nazo zibadilishwe. Basi ziwekwe zile tu zinazohitajiwa na maswali yaulizwayo kweli.

Kadhalika, programu ziyaache wazi mawasiliano yao na seva, kwani kufungua upya njia ya siri kila mara kuna hesabu yake. Nakala za saraka katika seva kadhaa hugawana kazi ya kusoma. Lakini nakala iliyochelewa kupata habari yaweza kumpokea mtu aliyekwisha kufutwa.

Ama neno la siri, halifai kuwekwa lilivyo; huwekwa alama itokanayo nalo kwa hesabu ndefu. Mbinu za bcrypt, ya mwaka 1999, na Argon2, iliyoshinda mashindano ya mbinu hizo mwaka 2015, zilifanywa nzito makusudi, ili mwizi aliyeiba saraka alemewe anapobahatisha mamilioni ya maneno. Mwenye seva akiupunguza uzito huo ili kuharakisha foleni, amemharakishia mwizi pia. Heri aongeze seva ya pili.