Jiko la Kauri na Ubunifu Unaojua Kitakachovunjika

Ukitaka kujua kama bidhaa imebuniwa kwa kujali mazingira, usianze na malighafi yake. Uliza itaharibikia wapi kwanza, na siku hiyo nani ataitengeneza. Zipo simu zinazosifiwa kwa plastiki iliyorejelezwa ilhali betri yake imegandishwa kwa gundi, hata fundi haingii. Mfano bora ninaoujua hauna betri wala waya: ni jiko la mkaa lenye kauri, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Jiko la zamani la bati tupu lilikuwa jepesi na la bei nafuu, ila joto lake jingi lilipotelea ubavuni. Wabunifu walilitazama jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani ya ganda la bati, lakini hawakulinakili lilivyo. Kauri za mwanzo zilipasuka, watumiaji wakalalamika, michoro ikarudiwa. Mwishowe likapatikana umbo tunalolijua: mdomo mpana, kiuno chembamba, kitako kipana. Kitako hicho ndicho kinachozuia jiko lisipinduke mtu anaposonga ugali. Kauri ikawekwa nusu ya juu tu, palipo moto. Chini ni pa majivu na hewa, hapahitaji kinga. Uzito ukapungua.

Litazame kwa karibu. Kauri ni bakuli lenye matundu chini, kwa hiyo wavu wa chuma hauhitajiki. Hushikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Kauri ikipasuka, na siku moja itapasuka, fundi huing'oa na kupachika nyingine. Bati linaendelea na kazi. Uamuzi huo nauheshimu kuliko hata umbo lenyewe: sehemu inayokufa mapema imetenganishwa na inayoishi, na zote mbili hutengenezwa na watu wa hapa hapa, mfinyanzi upande mmoja, mfua bati upande mwingine.

Likitengenezwa vizuri, hupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walilichukua wakalifanya biashara yao, na majiko ya aina hiyo yakaenea Tanzania, Uganda, Ethiopia hadi Senegal.

Uhuru huo wa fundi yeyote kulichukua una gharama yake. Jiko ambalo yeyote anaweza kulitengeneza, yeyote anaweza kulilipua. Sokoni yamejaa majiko yenye udongo usioiva na saruji ya kubania, ambayo kauri yake haimalizi msimu. Kabla ya kulipa, gonga kauri kwa ukucha: iliyoiva hulia kwa sauti kali, mbichi au yenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa.

Na mkaa, hata ukipungua, bado ni mti. Ndiyo maana sasa tunahimizwa kuhamia kwenye sufuria za umeme za presha, na kwa maharage zinapunguza kweli matumizi ya nishati. Lakini swali ni lile lile. Mpira wa mfuniko huchakaa mapema kuliko sufuria yenyewe. Muulize muuza duka kama anauza mpira huo peke yake. Akikwambia ununue sufuria nyingine, nenda duka la pili.